Wewe Ndiye Mtu wa Kusachi?

Jamani, leo hata chai sijaionja. Nimesimama kwenye mwendokasi Kimara mpaka Posta, kiwiko cha mtu ubavuni, nimefika, chapati iko mkononi, simu ya mezani inalia.

"Wewe ndiye mtu wa kusachi?"

Barua yangu ya ajira inasema Msimamizi wa Mifumo. Anayesachi watu hapa ni mlinzi wa getini, na yeye angalau wamempa kirungu.

"Ndiyo mama, shikamoo."

"Marahaba. Hiyo SharePoint yako imekufa."

Yako! SharePoint ni mfumo wa kutunzia na kutafutia mafaili ya ofisi. Ikifanya kazi ni ya ofisi. Ikigoma inakuwa yangu, kama mtoto aliyepata ziro.

Nikapanda ghorofa ya nne kwa miguu, lifti yetu mnaijua. Mama wa uhasibu namkuta kakunja uso, na kwenye kisanduku cha kutafutia ameandika: "ule mkataba wa jenereta ulioletwa na yule kijana mrefu". Sasa mtambo unatafuta faili lenye maneno hayo yote, pamoja na "yule" na "mrefu". Umejibu hakuna. Mimi ningejibu vibaya zaidi.

Nikafuta, nikaandika "mkataba jenereta". Ikaja mihtasari ya vikao vitatu. Cha kwanza: mkataba wa jenereta utafutwe. Cha pili: mkataba wa jenereta utafutwe haraka. Cha tatu, nadhani katibu alikuwa anawahi kula, kidole kikateleza: mkataba wa jenereta utafutwa.

Nikasikia ubaridi mgongoni.

"Mama, hili la kikao cha tatu alikabidhiwa nani?"

"Yule kijana wa field. Mtiifu sana yule."

Mnaona? Wakubwa vikao vitatu wameukosa. Kijana alivyoelewa aufute, akaupata siku hiyohiyo.

Nikakimbilia pipa la taka la mfumo. Kwenye seva zetu ukifuta kitu kinakaa humo siku 30, kisha kinakwenda kwa Mola wake. Na utafutaji hauingii pipani, kwa hiyo hapo ni macho yako na subira yako. Nikashuka mstari kwa mstari: kadi ya mchango wa harusi, orodha ya michango, orodha ya michango mpya, orodha ya michango mpya ya mwisho. Halafu hiki hapa: scan0047. Kimefutwa na kijana wa field. Leo ni siku ya 28.

Scan0047! Picha tupu ya skana, imelala ubavu, haina hata herufi moja ambayo mtambo wetu unaweza kuisoma. Yaani hata kabla hakijafutwa ungesachi mpaka ustaafu.

Nikakirejesha. Mama akavaa miwani, akakitazama, akanitazama na mimi.

"Kumbe ulikuwa umeuficha wewe."

Nimeshuka zangu. Kwenye ngazi bosi kanishika: mbona Google inapata kwa sekunde moja? Nikasema ndiyo, bosi. Wa masoko naye analalamika kwamba kasachi neno "posho" ikamletea mishahara ya jengo zima. Mtambo hauonyeshi mtu kitu asichoruhusiwa kufungua, ndugu yangu, kamuulize aliyeweka faili lile kwenye folda ya wote! Wala hakuwa na shida na hilo. Shida yake ni kwa nini dereva anamzidi.

Chumba cha seva ndiyo usiseme. Kuna programu inaitwa noderunner, ndiyo inayobeba utafutaji, na haiji peke yake, zinakuja tano. Siwalaumu, wanafanya kazi. Ila wanakula RAM, ile kumbukumbu ya seva ya kufanyia kazi, kama wageni wa msiba, na RAM yenyewe ni ileile ya tangu seva inanunuliwa. Nimeandika barua ya kuomba nyongeza. Naambiwa barua haionekani. Niisachi.

Narudi mezani, chapati imekuwa soli ya kiatu, na kikombe changu hakipo. Cha bluu, kina ufa kwenye kishikio. Aliyekiona anirudishie kimyakimya, tafadhali, msikipeleke kwenye kikao.