Rabsha ya Georgetown na Bayi: Lawama Igawanywe Vipi?

Tarehe 18 Agosti 2011, mjini Beijing, mechi ya kirafiki ya mpira wa kikapu kati ya timu ya Chuo Kikuu cha Georgetown kutoka Marekani na Bayi Rockets, timu ya jeshi la China, ilivunjika zikiwa zimesalia dakika 9 na sekunde 32 katika robo ya mwisho. Matokeo yalikuwa 64 kwa 64. Ngumi zilirushwa, viti vikafuata, wachezaji wa akiba wa pande zote mbili wakaingia uwanjani, na kocha mkuu wa Georgetown, John Thompson III, alipoamua kuwaondoa vijana wake, walisindikizwa na chupa za maji zilizorushwa kutoka majukwaani. Tangu siku hiyo mjadala umezunguka palepale: nani alianza? Naamini swali hilo limepewa uzito kuliko linavyostahili, na kwa sababu hiyo waliokuwa na wajibu mkubwa zaidi usiku ule wamepita bila kuulizwa lolote.

Wanaoitetea Georgetown huanza na takwimu za waamuzi. Hadi mechi inavunjika, Georgetown ilikuwa imehesabiwa faulo 28 na Bayi 11. Bayi ilikuwa imepewa mitupo huru 57, Georgetown 15. Kwa macho ya wengi tofauti hiyo inatosha kuwa ushahidi kwamba wageni walikuwa wakionewa, na kwamba hasira yao ilikuwa ya mtu aliyevumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. Mimi nisingefika huko kwa haraka kiasi hicho. Tofauti ya faulo peke yake haithibitishi upendeleo, kwa kuwa timu mbili zinaweza kucheza mitindo miwili tofauti kabisa. Kikosi cha chuo chenye wachezaji kadhaa wa mwaka wa kwanza, kinachokaba kwa nguvu uwanja mzima na kuifukuzia kila pasi, kinaweza kabisa kuhesabiwa faulo mara mbili ya timu ya watu wazima wanaocheza kwa utaratibu. Zaidi ya hayo, tafsiri ya mguso halali hutofautiana kati ya mchezo wa vyuo vya Marekani na ule unaochezwa kwingineko, na anayevuka bahari hana budi kuizoea tafsiri ya huko aendako.

Hata hivyo, takwimu hizo zina jambo jingine ambalo halielezeki kirahisi. Faulo 28 zilizaa mitupo 57, yaani zaidi ya mitupo miwili kwa kila faulo. Kwa kanuni za kimataifa, faulo nne za kwanza za timu katika kila robo hazileti mitupo huru isipokuwa aliyefanyiwa faulo alikuwa katika kitendo cha kufunga, au faulo yenyewe ni ya kiufundi au ya kukosa uanamichezo. Ili kufikia 57, karibu kila filimbi dhidi ya Georgetown ilibidi iwe ya aina inayoleta mitupo, au makosa ya kiufundi yawe yameongezeka juu yake. Kwa vyovyote vile, tunaiona mechi iliyokuwa ikichemka muda mrefu kabla ya ngumi ya kwanza. Ama waamuzi walikuwa wakiegemea upande mmoja, ama Georgetown ilikuwa ikicheza kwa ukali uliopita kiasi. Dhana ya kwanza inawalaumu waamuzi moja kwa moja, na ya pili inaugawa mzigo kati ya wageni na hao hao waamuzi, kwa kuwa mwamuzi anayeona ukali unazidi anaweza kusimamisha mchezo, kuwaita makocha na kuonya, au kumtoa mchezaji mapema. Sioni tafsiri ya tatu inayowaacha waamuzi wakiwa hawana hatia.

Wanaoitetea Bayi nao wana hoja za kusikilizwa. Wanasema mguso mkali ulitoka pande zote mbili, kwamba wanafunzi wale hawakuwa malaika, na kwamba walipokwaruzana na wenzao waliingia vifua mbele badala ya kurudi nyuma. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba benchi la Georgetown liliachwa tupu, na kanuni za kikapu hapo hazina utata: wakati wa ugomvi, mchezaji wa akiba anayevuka mpaka wa benchi lake anastahili kutolewa mchezoni, hata kama alikwenda kuamulia. Wanaoruhusiwa kuingia ni kocha na msaidizi wake, ili wawasaidie waamuzi kurejesha utulivu. Kanuni hii inawaudhi wengi, kwa sababu nani anaweza kukaa kitako akimwona mwenzake anapigwa? Lakini iliwekwa kwa sababu nzuri. Ugomvi wa watu wawili huwa rabsha ya watu ishirini pale tu benchi zinapofunguka.

Pamoja na hayo, makosa hayalingani, na hapa napishana na wanaotaka lawama ikatwe nusu kwa nusu ili kila mtu aende zake. Mwandishi wa habari wa Kimarekani aliyekuwepo ukumbini aliripoti kuwa mchezaji mmoja wa Georgetown alisukumwa akapitiliza kizuizi cha pembeni na kuanguka chini, kisha mchezaji wa Bayi akampiga ngumi mara kadhaa. Mwingine alirushiwa kiti na mtu ambaye hakutambuliwa. Kumsukuma aliyekufanyia faulo ni kosa. Kumpiga ngumi mtu aliyelala chini ni jambo la daraja jingine kabisa, na hakuna hesabu ya faulo, wala maneno yaliyosemwa uwanjani, wala uchovu wa mechi unaoweza kulishusha. Tena hawa walikuwa watu wazima wanaolipwa kwa kazi hiyo, wakipambana na wanafunzi. Aliye mkubwa kiumri na kiuzoefu hudaiwa subira zaidi, na kwa hilo wachezaji wa Bayi wanabeba sehemu kubwa zaidi ya lawama ya ngumi zenyewe.

Lakini ngumi zilikuwa tukio la mwisho katika mlolongo mrefu. Tuwatazame waamuzi na waandaaji kwa kulinganisha na kisa kingine. Julai 2018, nchini Ufilipino, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia kati ya wenyeji na Australia iligeuka uwanja wa vita katika robo ya tatu, wageni wakiongoza 79 kwa 48. Wachezaji 13 walitolewa. Wiki chache baadaye shirikisho la kimataifa, FIBA, lilitoa hukumu: Wafilipino 10 na Waaustralia 3 walifungiwa, vyama vya nchi zote mbili vikatozwa faini, ya Ufilipino ikiwa kubwa zaidi, na waamuzi watatu wa mechi ile nao wakaondolewa kazini kwa mwaka mmoja katika mashindano ya shirikisho hilo. Mtu anaweza kuibishia hukumu hiyo kwa undani wake, lakini ilitenganisha viwango vya makosa, na haikuwasahau wenye filimbi.

Mechi ya Beijing haikuwa na hakimu wa namna hiyo. Haikuwa ya ligi wala ya mashindano, haikuwa na pointi za kukatwa, na timu moja ilikuwa mgeni wa siku chache. Hilo ndilo tatizo la mechi za kirafiki za kimataifa: huitwa za kirafiki, hivyo watu hudhani urafiki utafanya kazi ya ulinzi na nidhamu, ilhali fahari inayowekwa mezani ni ya mataifa. Na usiku ule fahari hiyo ilikuwa imepandishwa makusudi. Makamu wa Rais wa Marekani, Joe Biden, alikuwa ziarani China, na usiku uliotangulia alikwenda kuitazama Georgetown ikicheza na timu nyingine ya Kichina. Ziara ilitangazwa kama daraja la maelewano. Wanaoandaa mchezo wa uzito huo, kisha wakaacha hali ya ukumbini ifike mahali pa viti na chupa kuruka, hawawezi kusema yaliyotokea yalikuwa ya wachezaji peke yao.

Kuna hoja moja ambayo ningependa iwekwe kando. Baadhi ya wachambuzi walikumbusha kwamba Oktoba 2010, mjini Xuchang, timu ya taifa ya China ilipigana na Brazil katika mechi ya kirafiki, wakahitimisha kuwa vurugu ni tabia ya kikapu cha China. Hitimisho hilo halina haki. Baada ya kisa cha Brazil, chama cha kikapu cha China kiliwaadhibu wachezaji wake na kocha wake, ambaye alikuwa Mmarekani. Kumbukumbu ya Xuchang inathibitisha jambo tofauti kabisa: mamlaka za mchezo nchini humo zilikuwa zimeonywa miezi kumi tu kabla, na zilijua namna ya kuadhibu zilipotaka.

Siku iliyofuata kocha wa Bayi na baadhi ya wachezaji wake walikutana na ujumbe wa Georgetown uwanja wa ndege wa Beijing, wakapeana mikono na zawadi. Thompson naye, katika taarifa yake ya usiku ule, alisikitishwa na yaliyotokea bila kumnyooshea kidole yeyote. Wengi waliridhika: yaliyopita si ndwele. Naiheshimu busara hiyo kwa upande wa timu zenyewe, kwa sababu kijana anayebaki ugenini kwa siku kadhaa zaidi anahitaji amani kuliko hukumu, na Georgetown iliendelea na ziara yake mpaka Shanghai. Ila suluhu ya wachezaji haikupaswa kuwa kinga ya waamuzi na waandaaji, ambao hawakuwa wamegombana na mtu na kwa hiyo hawakuwa na suluhu ya kutafuta. Walichokuwa wakidaiwa ni maelezo.

Linabaki suala la uamuzi wa Thompson kuondoka uwanjani. Wapo waliosema alikimbia mechi ambayo bado ilikuwa sare, na wapo waliosema alichelewa, kwamba angeondoka tangu aone filimbi zinakwenda upande mmoja. Wa kwanza wanasahau kwamba kocha wa chuo amekabidhiwa watoto wa watu. Hoja ya wa pili ina nguvu zaidi, lakini kocha anayeondoa timu kwa sababu ya faulo huonekana mwenye kisirani, hasa akiwa mgeni wa nchi. Kazi ya kuisimamisha mechi kabla ya ngumi ilikuwa ya mwamuzi, na hakuifanya.