Pikipiki ikizuiwa, trisikli itapita wapi?

Taja mbele ya watu wa Goma wazo la njia laini kando ya Ziwa Kivu, wazee watembee taratibu na walemavu wapite na viti vyao, utaambiwa unafanya mzaha. Mji umechoshwa na vita, maji ni ya kupanga foleni na bidoni, wewe unawaza matembezi? Hoja hiyo siidharau. Kilema anayeamka alfajiri kupeleka mizigo Petite Barrière, kwenye mpaka wetu na Rwanda, kwa trisikli ya mikono hatafuti mandhari. Anatafuta avenyi isiyomvunjia gurudumu.

Ila mandhari na avenyi vinadai kitu kimoja: njia laini. Bukavu wanapigana na milima. Sisi adui yetu ni jiwe. Mwaka 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikapoa, tukajenga juu yake, na avenyi nyingi za ndani bado ni mawe makali. Jiwe ambalo mimi naliruka bila hata kulitazama ndilo linalokwamisha gurudumu dogo la mbele. Mawe hayohayo yakisagwa na kushindiliwa vizuri yanakuwa njia, na hatuyaagizi popote.

Kinachonisumbua mimi ni pikipiki. Tengeneza njia laini Goma leo. Wiki haitaisha kabla wamotari hawajaifanya njia ya mkato, na chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma, zenye makaa nyuma yao. Dawa iliyozoeleka ni kusimika nguzo mlangoni, lakini hapo vipimo vinagoma. Usukani wa pikipiki una upana wa karibu sentimita 80, na trisikli ya kuendeshwa kwa mikono haiko mbali na hapo, nyingine ni pana zaidi. Mwanya wa kumkwamisha motari utamkwamisha kwanza kilema. Uingereza walivitapakaza vizuizi vya aina hiyo kwenye njia zao za baiskeli na miguu. Sasa shirika la hisani linalosimamia njia hizo, Walk Wheel Cycle Trust (zamani Sustrans), linaving'oa au kuvibadilisha.

Kwa hiyo nachagua mlinzi badala ya chuma. Najua udhaifu wake: mlinzi anaweza kupewa faranga mia tano akageuza uso, tena anadai mshahara kila mwezi, na kwetu pesa ya kuzindua hupatikana upesi kuliko ya kutunza. Kongo ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda haki za walemavu. Mshahara wa mlinzi haumo humo.

Wanaotembea polepole, yaani mama zetu wenye magoti mabovu, wanahitaji kidogo tu: mahali pa kukaa. Miongozo ya Uingereza inataka kiti kila mita 50. Mimi hata gogo la mkalitusi ningelikubali.

Na kama pesa ingetosha kipande kimoja, ningekianzia Petite Barrière kishuke hadi ziwani. Asubuhi kipitishe mizigo. Jioni mwenye trisikli ashuke nacho akiwa mikono mitupu.