Mbunge ni wa nani, wa chama au wa Kibosho?

Juzi nilikuwa kijiweni pale Mbuyuni, Moshi, nakunywa kahawa, mjadala ukaanza na mambo ya maji ukaishia bungeni kama kawaida yetu. Mzee mmoja wa Kibosho akakumbushia yale ya Mei 2020, Chadema ilivyomfukuza uanachama Anthony Komu aliyekuwa mbunge wake wa Moshi Vijijini, pamoja na Joseph Selasini wa Rombo, David Silinde wa Momba na Wilfred Lwakatare wa Bukoba Mjini. Mwenyekiti wa wakati ule Freeman Mbowe alikuwa ameagiza wabunge wa chama watoke bungeni wajitenge siku 14 kwa ajili ya korona, maana kuna wabunge walikuwa wameshafariki karibu karibu, hawa wao wakaendelea kuingia ukumbini. Komu na Selasini walikuwa pia wameshasema wakimaliza muda wao wanahamia NCCR-Mageuzi, kwa hiyo hali ilikuwa imeshachafuka kitambo. Mzee akasema, "Mimi nilimtuma akanisemee Dodoma, sikumtuma akakae nyumbani. Bosi wake ni mimi au Mbowe?" Kijana wa bodaboda akamjibu, "Mzee wangu, bila ile bendera ungempa kura? Au ungempa tu kwa sababu anaitwa Komu?" Basi kijiwe kikachafuka.

Mi naona wote wawili walikuwa na hoja, ila sheria yetu imemsikiliza kijana wa bodaboda peke yake.

Katiba ya 1977 inasema huwezi kugombea ubunge bila kupendekezwa na chama, hiyo ni ibara ya 67. Ukienda ya 71 inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo wakati anachaguliwa, ubunge wake unakoma. Hebu liangalie hilo neno kuacha. Huku mtaani mtu akiacha pombe ni yeye kaamua, akiacha kazi ni yeye kaamua, mtu aliyetimuliwa kazini hakuna anayesema ameacha kazi, tunasema kafukuzwa. Lakini kwenye katiba hilo neno moja limebeba wote wawili, aliyeondoka kwa miguu yake na aliyetolewa na kamati kuu usiku. Wenzetu wa Kenya, ukivuka tu hapo Namanga, katiba yao ya 2010 inamtaja mbunge anayejiuzulu chama au anayehesabika kuwa amejiuzulu, kufukuzwa hawajakuandika. Ni maneno machache lakini yanabadilisha kila kitu, maana huku kwetu hamna kifungu kinachosema ukipiga kura ya hapana unapoteza kiti, tena ibara ya 100 inasema uhuru wa majadiliano bungeni hautahojiwa na chombo chochote nje ya Bunge, ila chama kikikuita kwenye maadili kikakufukuza, umepoteza kiti na uhuru wako wa majadiliano utaenda kuufanyia nyumbani.

Sasa na kura zenyewe zinavyopigwa, hapo ndo napata uchungu zaidi. Mambo mengi yanaamuliwa kwa sauti. Spika anauliza wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, alafu anasikiliza sauti ipi kubwa, basi. Ukifungua Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, kutafuta mbunge wako alisemaje utakuta mstari mmoja tu, "Hoja iliamuliwa na Kuafikiwa." Nani aliafiki? Hujui. Mkataba wa bandari na DP World, kampuni ya Dubai, mwaka 2023 nchi nzima ilikuwa inaubishania, kuanzia vijiweni mpaka makanisani, na Bunge liliuridhia Juni 10 kwa mtindo huo huo. Kura ya majina, ile ya katibu kumwita mbunge mmoja mmoja ajibu ndiyo au hapana, tunaizoea kwenye bajeti kuu, na bajeti kuu ndo sehemu mbaya kuliko zote ya kuasi, kwa sababu ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti. Yaani mbunge anapoitwa jina pale anapigia kura ajira yake, kiinua mgongo chake, na safari ya kurudi jimboni kuomba kura upya wakati mikopo haijaisha.

Ndo maana tumezoea ule mtindo wa kwetu. Mbunge anachangia kwa ukali, anapiga meza, anasema wananchi wangu wa huko wanateseka, barabara hamna, kahawa haina bei, alafu kengele ikilia anamalizia "naunga mkono hoja asilimia mia moja." Au anashika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani anatishia kuzuia fungu lake lisipite, waziri anasimama anaahidi, mwenyekiti anamuomba, shilingi inarudi. Watu wengi wanawacheka wabunge kwa hilo na mimi nilikuwa mmoja wao, ila nikifikiria vizuri naona mtu aliyefungwa mikono anatumia mdomo. Kuasi kwa mbunge wa Tanzania kukitokea kunatokea kabla ya kura, kwenye kamati, kwenye vikao vya ndani vya chama, kwenye kukusanya saini.

Mfano mzuri ni Aprili 2012. Zitto Kabwe alipoanza kukusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda, Deo Filikunjombe wa Ludewa alikuwa CCM na alisaini. Hoja haikufika popote, Spika Anne Makinda alisema inatakiwa taarifa ya siku 14. Lakini Mei Rais Kikwete alibadilisha baraza, mawaziri sita wakatoka, mmoja wao Dk. Cyril Chami aliyekuwa wakati huo mbunge wa hapa hapa Moshi Vijijini. Kura haikupigwa hata moja na serikali ilitikisika. Ukirudi nyuma zaidi kuna lile kundi la G55 mwaka 1993, wabunge wa CCM wenyewe, Bunge likakubali hoja yao ya serikali ya Tanganyika, Mwalimu akaja juu, chama kikageuza na Bunge likageuka nacho. Na Augustine Mrema wetu, mwaka 1995 akiwa bado waziri aliisema serikali yake bungeni kwenye sakata la mfanyabiashara Chavda, uwaziri ukaisha, akatoka CCM akaenda NCCR. Hao wa zamani walikuwa na ujasiri lakini angalia mwisho wake, chama ndo kilikuwa na neno la mwisho kila mara. Wale wa korosho 2018 nao, wabunge wa kusini, wengine CCM, walipinga sana fedha za ushuru wa kusafirisha korosho zote kwenda mfuko mkuu wa serikali, wakasema mpaka wakachoka, muswada ukapita. Mi kama mtu niliyesomeshwa kwa kahawa ile iliniuma, maana nilijiuliza siku ikiwa kahawa atasimama nani.

Lakini upande wa chama nao usidharauliwe jamani. Yule kijana wa bodaboda alisema kweli. Watu wa Moshi Mjini walimpa Ndesamburo vipindi vitatu, na wengi walikuwa wanaipa Chadema kura kupitia kwake. Mtu akishaingia kwa ilani ya chama alafu akafika Dodoma akaanza kupiga kura kwa ilani ya moyo wake, aliyempigia kura ameibiwa. Na moyo wenyewe una bei, hilo tumelishuhudia huku kwetu. Desemba 2017 Godwin Mollel wa Siha alijiuzulu Chadema akaenda CCM. Julai 2018 Julius Kalanga wa Monduli naye hivyo hivyo. Wengine waliitwa wamenunuliwa, wao wakasema wanaunga mkono juhudi za Rais, ukweli wa moyoni anaujua Mungu. Bila ibara ya 71 mtu wa namna hiyo angehama na kiti chake kama anahama na godoro. Hiyo hoja ni nzito na kwa muda mrefu ndo ilinifanya niitetee ile ibara.

Kilichonibadilisha ni kuangalia kilichotokea baadae. Mollel Februari 2018 alikuwa ameshashinda uchaguzi mdogo, karudi na kiti kile kile kwa chama kipya. Kalanga Septemba hivyo hivyo. Kwa hiyo aliyehama kwa hiari ibara haikumzuia, ilimchelewesha miezi miwili na gharama ya uchaguzi tukalipa sisi. Anayebanwa kweli kweli ni yule ambaye hataki kuhama, anabaki ndani ya chama na anasema hapana.

Alafu kuna la Spika. Julai 2017 Profesa Lipumba, kiongozi wa CUF, aliandika barua kuwa wabunge wanane wa viti maalum wa CUF wamefukuzwa, Spika Job Ndugai akatangaza viti viko wazi ndani ya siku chache tu. Mei 2020 Chadema wakafukuza wale wanne wa kina Komu, Spika yule yule akawaambia waendelee na kazi. Novemba 2020 Chadema ikawafukuza Halima Mdee na wenzake 18 siku chache tu baada ya kuapishwa, wakaenda mahakamani kupinga na wakakaa mpaka Bunge la 12 linaisha. Sisemi nani alikuwa sahihi katika kila moja, kesi ya hao 19 wa viti maalum ina mambo yake na chama chao kilisema hakikuwapeleka kabisa. Ninachosema ni kwamba ibara moja imetumika kwa namna tofauti, na kila mara aliyefaidika hakuwa mpiga kura. Na hawa wa viti maalum ndo wako pabaya kuliko wote, Bunge la 12 lilikuwa na 113, hawana jimbo la kukimbilia wakamwambie mtu nisaidie, jina lake limetoka kwenye orodha ya chama na linaweza kufutwa hapo hapo.

Mi napendekeza hivi. Chama kiwe na haki yote ya kumnyima mbunge muasi vyeo, kumtoa kwenye kamati, kumkata jina uchaguzi ujao, hiyo ni nyumba yao. Boris Johnson, waziri mkuu wa Uingereza mwaka 2019, aliwatoa wabunge 21 kwenye kundi la chama chake kwa kumpinga kuhusu Brexit, ile ya kujitoa Umoja wa Ulaya, lakini walibaki wabunge wa majimbo yao mpaka uchaguzi. Anayejiuzulu mwenyewe arudi kwa wananchi kama sasa. Anayefukuzwa abaki mpaka miaka mitano iishe. Na mgombea binafsi aruhusiwe, hilo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyopo hapo Arusha, ilishaamua tangu Juni 14, 2013 kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba kumzuia ni kuvunja haki. Kutoka Moshi ni mwendo wa saa mbili kwa Coaster, hukumu ipo pale, katiba haijabadilishwa.

Wapo watakaosema mbunge akiwa huru hivyo atanunuliwa kirahisi zaidi. Inawezekana, ndo maana nataka na kura ziwe za majina, siyo za kelele. Kenya Juni 2024 muswada wa fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, na vijana walikuwa na majina ya waliosema ndiyo siku ile ile. Sisi yule mzee wa Kibosho aliniuliza wakati tunaachana, "Wewe unayesoma sana, mbunge wetu alisemaje siku ile ya bandari?" Nilitoa simu nikaanza kutafuta, akasubiri, kahawa yake ikapoa, na sikupata kitu cha kumwonyesha.