Meno 85

Mama yake alinikabidhi mtoto pamoja na orodha ya maneno niliyopigwa marufuku kuyatamka mpaka turudi nyumbani: sindano, kung'oa, damu, kuuma, na hata "usiogope". Hilo la mwisho nililipinga. Nikauliza kuna ubaya gani kumwambia mtoto asiogope. Akanijibu kwamba mtoto ambaye hakuwa na wazo la kuogopa, ukimwambia asiogope, anaanza kuangaza macho kumtafuta huyo mnyama alipo.

"Na usimwambie haitauma," akaongeza. "Hapo atasikia nusu ya neno tu, ile nusu mbaya."

Basi nikabaki na neno moja halali: kuhesabu. Daktari atayahesabu meno yako, atayasafisha, tutarudi. Kwa mtoto mwingine neno hilo lingepita bila vurugu. Mwanangu ana miaka 5 na miezi kadhaa, 100 ameifikia juzijuzi, na tangu aifikie hakuna ngazi, kifungo cha shati wala mvi ya babu yake iliyosalimika. Ni mtu pekee ninayemfahamu anayependa foleni, maana watu wamesimama na wanahesabika. Aliposikia kwamba yupo mtu mzima aliyesomea kuhesabu meno, na kwamba analipwa kwa kazi hiyo, alikwenda kuvaa viatu mwenyewe.

Kwenye chumba cha kungojea tulimkuta mzee mmoja ameshika shavu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," mzee akaitikia kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unafanya kazi.

"Na wewe umekuja kuhesabiwa?"

Mzee akanitazama. Nikatazama dari.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, na aliponipita mlangoni akaenda moja kwa moja kumsalimia mgonjwa wake, mimi nikapata salamu za ziada baadaye. Nilimpenda papo hapo. Wana utaratibu wao hawa wanaotibu watoto: kila chombo kwanza kinaelezwa, kisha kinaonyeshwa, ndipo kinatumika. Kile kioo kidogo cha mpini mrefu mwanangu alipewa kwanza ajitazame matundu ya pua. Kile kikombe cha mpira kinachozunguka kikazungushwa kwenye ukucha wa kidole gumba chake. Bomba la kufyonza mate likanywa maji kiganjani mwake kwa kelele, akacheka mpaka akashika tumbo, akaomba linywe tena. Mimi nimekaa pembeni, mikono juu ya magoti, nikijipongeza moyoni kwa malezi bora.

Kiti kikalala. Taa ikawaka. Msaidizi wa daktari akashika kalamu. Mdomo wa mwanangu ukafunguka kwa hiari, wote.

"55, zima," daktari akasema.

Macho ya mwanangu yakanigeukia.

"54, zima. 53, zima. 52. 51."

Hapo nikamwona anatulia. Kurudi nyuma anakujua, ingawa hakupendi.

"61."

Mdomo ukafungwa. Daktari alikiokoa kioo chake kwa sekunde.

"Umeruka," mwanangu akasema.

"Nimeruka nini, mwanangu?"

"Ulikuwa unarudi nyuma. 52, 51, halafu inakuja 50. Wewe umesema 61."

Nimtetee daktari kidogo, kwa sababu chumbani mle hakuna aliyemtetea. Zile hazikuwa hesabu, yalikuwa majina. Tarakimu ya kwanza ni robo ya kinywa, ya pili ni nafasi ya jino ukianzia katikati. Robo za mtu mzima ni 1 hadi 4, za meno ya utoto ni 5 hadi 8, na kila robo ya mtoto ina meno 5. Kwa hiyo 55 ni gego la mwisho la juu kulia, unakuja mpaka 51 katikati, unavuka mstari, jirani yake anaitwa 61. Mfumo mzuri, unatumika nchi nyingi. Kanuni yake ni kwamba tarakimu zisomwe mojamoja, "tano-tano, tano-nne", lakini wengi huzisoma kwa pamoja, na daktari wetu alikuwa miongoni mwa wengi. Angesema "tano-tano" tungekuwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Alimweleza mwanangu haya yote kwa uvumilivu ambao mimi sina. Mwanangu akasikiliza, akafungua mdomo kwa sharti la kuendelea kufuatilia. Wakafika 65. Wakashuka chini kushoto, daktari akasema 75, mwanangu akafumba macho kama mtu anayevumilia wimbo ulioimbwa vibaya. Wakarudi nyuma mpaka 71, wakaruka 81, wakapanda hadi 85.

"Nina meno mangapi?" akauliza.

"Ishirini."

"La mwisho ndilo 85?"

"Ndilo."

Akaketi. Akanigeukia, na kwa sauti ile anayoitumia biskuti zinapopungua kabatini akaniuliza:

"Baba, mengine yako wapi?"

Daktari, kwa nia njema kabisa, akajaribu kuokoa jahazi kwa habari ya furaha. Alikuwa ameona kitu nyuma ya lile gego la mwisho, chini kushoto: ncha ya jino la kwanza la ukubwani ikichungulia kwenye ufizi. Hilo huja karibu na umri wa miaka 6, na kwa kuwa huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka kulipisha, wazazi wengi hudhani ni la utoto na hulizembea mpaka linatoboka. Habari muhimu sana. Ila alivyoitoa!

"Tena una mgeni. 36 linaanza kutoka."

"Thelathini na sita," mwanangu akarudia polepole, "baada ya 75."

"Ndiyo."

Akafunga mdomo, akauziba na kwa kiganja. Kutoka nyuma ya kiganja yakatoka masharti: hafungui tena mpaka daktari athibitishe kwamba anajua kuhesabu, na athibitishe kwa mtu mwingine. Chumbani tulikuwa watu wanne. Wawili walikuwa wamevaa glavu.

Nikapanda kitini.

"18, halipo," daktari akaanza, akifurahi, nadhani, kupata kinywa kinachoweza kubaki wazi.

"Halipo?" Mwanangu alikuwa amepandishwa juu ya kigoda ili aone vizuri. "Limekwenda wapi?"

Mtanisamehe, lakini neno la kujibia swali lile lilikuwa la pili kwenye orodha ya mama yake. Nikasema, kwa kadiri mtu mwenye vidole vya mwenzake mdomoni anavyoweza kusema, kwamba liliondoka.

"Lenyewe?"

"Lilisaidiwa."

Daktari akakohoa ndani ya barakoa. Wakaendelea. 17 lipo, 16 lina kiraka, na kila panapotajwa kiraka mwanangu anaguna kama fundi anayekagua nyumba ya mpangaji. Tulipomaliza robo zote nne nikajua nimefaulu, nikainua kichwa. Daktari akanirudisha kwa kidole kimoja.

"Hebu tumwonyeshe kijana kazi ya rangi."

Kuna rangi ya kupaka kwenye meno ili ukoga uonekane. Ukoga wenyewe, ule utando laini ambamo vijidudu hukaa vikila sukari na kutoa tindikali, haukamatiki kwa macho kirahisi, rangi ndiyo inayousema. Ile aliyotumia ilikuwa ya namna mbili kwa pamoja: ukoga mpya unageuka waridi, wa zamani unageuka zambarau. Alinipaka, akanisukutulisha, akampa mwanangu kioo.

Kimya cha kitaalamu kikapita.

"Daktari," mwanangu akasema, "Baba ana wa zamani."

"Naona."

"Mwingi."

"Hasa nyuma ya haya ya mbele ya chini," daktari akasema, "ndipo watu wazima wanapopasahau." Wakainama pamoja juu yangu, vichwa vimegusana. Urafiki wao uliokuwa umevunjika kwa ajili ya 61 ukaungwa upya juu ya ukoga wangu.

Kwa kusherehekea, mwanangu alipewa kazi ya kushika bomba la mate. Alilishika vizuri, nisimwonee. Tatizo lilikuwa kigoda. Alitaka kuona upande wa pili, akashuka, na mguu wake ukatua juu ya kanyagio la kiti. Kiti kikaanza kulala zaidi. Kililala kwa utulivu, bila haraka, miguu yangu ikipanda na kichwa kikishuka, mpaka nikawa natazama viatu vyangu vikiwa vimeizunguka taa. Nilitaka kusema "mtoe hapo". Ulimi ulipoinuka ili useme, bomba likaunasa.

Sijui kama umewahi kunaswa ulimi na bomba lile. Haliumizi, ila linakunyang'anya irabu zote. Nikasema "ng'aaa". Mwanangu akajua nafurahi, akalisukuma ndani zaidi. Maji ya zambarau yaliyokuwa yamekusanyika shavuni yakapata njia ya kwenda puani, yakaishika. Daktari anasema "Baba, tulia", msaidizi anapiga magoti kutafuta kanyagio, mwanangu anatangaza kwa ajili ya yeyote aliye karibu kwamba Baba anatoka rangi kwa pua.

Waliponisimamisha nilikuwa na shati la madoadoa na ulimi ulioning'inia kidogo upande wa kushoto.

Usafishaji wenyewe, ambao ndio uliotupeleka, ulikwisha upesi kuliko mabishano. Alilala mwenyewe, akafungua mdomo mwenyewe. Kikombe cha mpira kilimtekenya, ile dawa ya chengachenga aliipenda, nyuzi zikapitishwa kati ya magego ambako mswaki haufiki, akatema kwa madaha ya mtu aliyelipia. Mwisho akapakwa vanishi ya floraidi kwa brashi ndogo. Inanata, inashika mara moja ikikutana na mate, inayaacha meno na unjano kwa muda, na kazi yake ni kuliimarisha jino lisiliwe na tindikali. Daktari akatoa maagizo: leo vyakula laini tu, na leo usiku asipige mswaki, mpaka kesho asubuhi.

Nilimwona mwanangu akilipokea lile neno "asipige mswaki". Ningekuwa na ulimi mzima ningewahi kulifuta palepale.

Tukatoka. Yule mzee alikuwa bado yupo, shavu mkononi. Akamwona mtoto anang'aa. Akaniona na mimi, midomo ya zambarau, pua ya zambarau, nywele zimesimama.

"Usiwe na wasiwasi, babu," mwanangu akamwambia. "Hesabu hawajui sana, lakini wanajitahidi. Baba moja halikuwepo."

Mzee akanyanyuka, akauliza mapokezi kama anaweza kurudi wiki ijayo.

Usiku ule hakupiga mswaki, kwa agizo. Usiku uliofuata pia akakataa, kwa agizo lilelile.

"Daktari alisema leo usiku," akamwambia mama yake. "Na huu ni leo usiku."

Mama yake akanigeukia. "Wewe ulikuwepo. Alisemaje?"

Nikaeleza. Usiku mmoja tu, mpaka asubuhi ya kesho yake, ambayo imeshapita.

"Baba hakusikia vizuri," mwanangu akasema bila ubaya wowote. "Alikuwa ametoka kwenye bomba."

Mama yake akautazama ulimi wangu, ambao pembeni ulikuwa bado una rangi, na nikaona ushahidi wangu unatupwa nje ya mahakama. Ilibidi daktari apigiwe simu. Alithibitisha nilichosema, akaongeza kwamba mtoto wa umri ule asaidiwe kupiga mswaki mpaka afike miaka 7 au 8, dakika 2 asubuhi na dakika 2 usiku, dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere, na kwamba Baba naye, kwa hali aliyoiona, angefaidika kusimama pale pale na kufanya hivyohivyo.

Mwanangu alikubali hukumu kwa sharti moja: muda anautunza yeye. Tukasimama mbele ya kioo, nikamalizana na magego yake, kisha nikaingia kwenye yangu, nyuma ya yale ya mbele ya chini nikapakumbuka, povu linashuka kidevuni, na yeye amepanda ndoo iliyofudikizwa, anahesabu sekunde kwa sauti. Mkono ulipoanza kuniuma nikatema, nikamuuliza tumefika ngapi.

"65."

"Bado nyingi?"

"Sasa inakuja 75," akasema. "Halafu tunarudi nyuma."