Kitambaa cha Kunasa Hewa ya Ukaa Kionje Kwanza Masika Yetu

Juzi binamu yangu alituma kwenye kundi la familia video ya kitambaa kinachonasa hewa ya ukaa, akaandika kwamba sasa tabianchi imepata dawa. Wakati huo nilikuwa jikoni nikigonga kikopo cha chumvi, kwa kuwa chumvi ilikuwa imeshikamana kama jiwe licha ya punje za mchele nilizochanganya humo.

Sidharau kazi yenyewe. Kinachonasa kwenye kitambaa hicho ni fuwele zenye vitundu, zilizoungwa kwa metali na molekuli za kikaboni, na ndizo zilizowapatia Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2025. Kuziotesha juu ya nyuzi nako ni busara, maana unga mtupu wa fuwele ukishindiliwa kwenye bomba huziba kama kifumbu kilichojaa machicha, ilhali kitambaa hupitisha hewa na kukunjika.

Lakini maji, ndugu zangu! Katika kila sehemu milioni za hewa tunayovuta, hewa ya ukaa ni takriban sehemu 420 tu, na hapa Dar es Salaam mvuke wa maji mara nyingi huizidi zaidi ya mara 50. Fuwele nyingi za aina hii hujaa maji kabla ya kuishika hewa ya ukaa, na baadhi humong'onyoka kabisa. Mojawapo ya fuwele hizi, CALF-20, ya zinki, iliyobuniwa Calgary nchini Kanada, husifiwa kwa uvumilivu wake, lakini hata hiyo, unyevu ukipita asilimia 40 hivi, maji huanza kuipokonya hewa ya ukaa nafasi. Asilimia 40 tutaipata wapi mwezi wa Aprili, labda tukitundike kitambaa ndani ya benki yenye kiyoyozi? Tena kitambaa kilichoshiba lazima kipashwe moto au kifyonzwe ili kiachilie kilichonaswa, na kila tone la maji lililomo hula sehemu ya moto huo bure.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba dohani ya tanuri la saruji ni habari nyingine. Mawe ya chokaa yakichomwa hutoa hewa ya ukaa hata kama moto wenyewe ni safi, na moshi wake huibeba kwa wingi usiolinganishwa na hewa ya barabarani. Hapo nitanyamaza.

Nilimwuliza binamu kama kitambaa chake kimewahi kupigwa na masika. Alinijibu kwa kidole gumba, nami nikaimimina chumvi kwenye kikaango na kuwasha gesi ili ikauke.