Msanifu anapojenga alichokichora mwenyewe

Katika utaratibu uliozoeleka, msanifu majengo huchora, mkandarasi hujenga, na mwenye jengo hubaki na mikataba miwili mkononi. Ofisi ndogo ya kuchora na kujenga hufuta mpaka huo. Watu watano au sita, wasanifu pamoja na mwashi, seremala na mnunuzi wa vifaa, hubeba kazi nzima kwa mkataba mmoja. Kundi la Jersey Devil, lililoanzishwa Marekani mwaka 1972, lilifika mbali zaidi: wasanifu wake walihamia kiwanjani na kuishi humo hadi jengo liishe. Wakati huo AIA, taasisi ya wasanifu wa nchi hiyo, ilikuwa bado inawakataza wanachama wake kufanya ukandarasi. Katazo hilo lililegezwa mwishoni mwa miaka ya 1970, lakini hoja iliyolizaa ingali hai: nani atamsimamia mjenzi kwa niaba ya mwenye jengo, ikiwa msimamizi ndiye huyo huyo mjenzi?

Faida za mfumo huu ni za kweli, na huonekana kwenye vipimo. Nondo huuzwa kwa urefu wa mita 12. Vipande vya mita 4 hutoka vitatu bila kubaki kitu. Vikihitajika vya mita 4.2, hutoka viwili na kinabaki kipande cha mita 3.6 kinachotafuta kazi. Mbao za dari za milimita 1220 kwa 2440 hufunika upana wa milimita 3660 kwa safu tatu kamili. Ongeza milimita 140 tu, na safu ya nne itakuwa ya kukatakata. Msanifu anayelipia vifaa hivi kwa hesabu ya ofisi yake huyajua mapema, akiwa bado kwenye mchoro.

Madirisha hutoa mfano bora zaidi. Uwazi wa ukuta umechorwa milimita 1200. Lipu ya milimita 15 kila upande huacha 1170, na nafasi ya milimita 5 kila upande kwa ajili ya gundi ya kuziba hufanya fremu iwe 1160. Fremu ikitengenezwa kwa 1200 kwa sababu mchoro ulisema hivyo, fundi hutindua ukuta pembeni, sehemu inayobeba linta, yaani boriti iliyo juu ya dirisha, hupungua, na ufa unaofuata huingiza maji. Palipo na pande mbili, hapo huanza barua za kulaumiana. Ofisi moja inayochora na kujenga haina wa kumrushia lawama, kwa hiyo hupima baada ya lipu ndipo iagize fremu.

Hata hivyo, kosa lisiloonekana halina mtu wa kulifichua. Nondo za msingi zikilazwa juu ya zege jembamba la chini bila vipande vya kuziinua, zitakosa kifuniko cha zege, zitashika kutu, zitavimba na kupasua msingi. Zege likishamwagwa hakuna anayeziona tena. Mkaguzi anayegawana faida na mmwagaji, huku lori la zege likisubiri, yuko kwenye majaribu ambayo uadilifu peke yake hautoshi kuyazuia. Mwenye jengo amlipe mwenyewe mhandisi wa nje, na mkataba utaje hatua ambazo kazi husimama mpaka asaini: kina cha msingi, nondo kabla ya zege, kenchi kabla ya dari, na kinga ya maji ya bafu kujazwa maji kwa saa 24 kabla ya vigae. Gharama hiyo ni ndogo, na anayeikwepa amekosea.

Bei ni tatizo la pili. Kwa kuwa mkataba husainiwa michoro ikiwa nusu, hakuna cha kulinganisha na mkandarasi mwingine. Ofisi iliyobanwa na bei ya mapema hujilinda kwa kuongeza akiba kubwa, au baadaye hupunguza ubora wa vifaa. Njia iliyo salama ni kulipia usanifu kwanza kwa mkataba wake, michoro iwe mali ya mwenye jengo, kisha ujenzi uende kwa risiti zilizo wazi, asilimia iliyokubaliwa ya malipo ya ofisi na kikomo cha juu cha gharama. Ofisi inayokataa kuonyesha risiti isipewe kazi.

Bima nayo isomwe vizuri. Kitabu cha Njano cha mwaka 1999, mkataba wa mfano wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, humtaka anayechora na kujenga akabidhi kazi inayofaa kwa lengo lake, wakati bima nyingi za wasanifu hulipa pale tu waliposhindwa kutumia ujuzi na uangalifu wa kawaida. Pengo kati ya hayo mawili ofisi ndogo haiwezi kulibeba mfukoni.

Kuna pia watu wenyewe. Paa linapopandishwa, msanifu yuko kiwanjani na michoro ya kazi inayofuata imesimama; viwanja viwili kwa pamoja tayari ni vingi. Mengi huamuliwa kwa mdomo, na fundi mkuu akiondoka huondoka nayo. Ndiyo maana malipo ya mwisho yafungwe kwenye michoro ya jengo lilivyojengwa hasa, pamoja na picha za mabomba na nyaya zilizopigwa kabla ya lipu, futikamba ikionekana ukutani.