Dawa ya sonona ikimkataa mgonjwa, tusimlaumu

Mgonjwa wa sonona anarudi kliniki mdomo umemkauka, moyo unamwenda mbio, asubuhi haamki mpaka saa sita mchana. Anaambiwa avumilie. Akiacha vidonge, nyumbani wanasema hataki kupona. Hukumu hiyo inaniuma, kwa sababu mara nyingi kosa si lake.

Chukua amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu ambayo wengi wetu huandikiwa. Ini huivunja kwa msaada wa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za mwili, kiitwacho CYP2D6, na kasi ya kimeng'enya hicho tunairithi kwa wazazi. Kwa aliyerithi kinachofanya kazi polepole, dawa hurundikana mwilini: kidonge cha miligramu 25 kinachomfaa jirani yake humlemea yeye. Aliyerithi nakala za ziada za jeni ya kimeng'enya hicho huimaliza dawa upesi, akameza miezi mizima asione nafuu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, takribani asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa walikuwa na nakala za ziada.

Mwaka huohuo mtafiti Collen Masimirembwa na wenzake walieleza aina ya jeni hiyo iitwayo *17, waliyoikuta kwa wingi Zimbabwe, ambayo hupunguza kasi ya kimeng'enya. Watanzania walipochunguzwa, ikaonekana nyingine tena, *29. Kwa hiyo jambo hili ni letu kabisa.

Ndiyo maana naona daktari aanze na dozi ndogo, amwite mgonjwa mapema, na aulize swali lisilogharimu hata senti: kuna mzazi au ndugu yako aliyewahi kuzidiwa na dawa kama hii? Mgonjwa naye aseme yanayompata badala ya kuacha vidonge kimyakimya, maana kuacha ghafla kuna madhara yake.

Sisemi jeni ndiyo kila kitu. Umaskini, msiba, ugomvi wa ndoa na dawa nyingine anazotumia mtu vyote vina uzito. Huko Marekani, utafiti mkubwa wa STAR*D ulionyesha kwamba dawa ya kwanza, sitalopramu, iliwaponya dalili kiasi cha theluthi moja tu ya wagonjwa. Na mwaka 2022 maveterani wa jeshi la huko waliochaguliwa dawa kwa kufuata kipimo cha jeni walipata nafuu kidogo tu kuliko wenzao wasiofuata kipimo hicho, na kufikia wiki ya 24 tofauti ilikuwa imetoweka.

Basi anayetaka kulipia kipimo hicho aulize kwanza maabara: mnatafuta *17 na *29? Vipimo vingi vimetengenezwa kwa kuwatazama Wazungu. Aina isiyotafutwa haionekani, na majibu huandikwa kwamba kimeng'enya ni cha kawaida. Mgonjwa atarudi kwa daktari na karatasi inayosema yuko sawa, aongezewe dozi ya dawa ileile inayomuumiza.